Avoka Asiyekaa Walikale si Avoka wa Walikale

Ndugu wachimbaji, ndugu wabebaji wa mizigo, akina mama wa soko, na ninyi nyote wenyeji wa miji yetu midogo, toka Sake mpaka Masisi, toka Nyabiondo mpaka Pinga, toka Mubi mpaka Ndjingala na Walikale!

Kuna maneno yanayotembezwa na watu waliosoma, nayo yamefika mpaka midomoni mwa mashimo. Wanasema: mchimbaji hana haja na avoka. Mchimbaji ana haja na nyundo, burini, tochi ya kichwani na posho. Avoka ni mtu wa Goma, mtu wa joho jeusi na Kifaransa kingi. Akija kukaa huku atakufa njaa. Tumeona yafaa kuyajibu maneno haya, kwa maana yana hatari kuliko yanavyoonekana. Tena si maneno mapya. Ni maneno ya Bula Matari, ila leo yamevaa tai.

Kumbukeni hali ilivyokuwa. Wakati wa Wabelgiji bwana administrateri wa teritware alikuwa mkuu wa kodi, mkuu wa polisi na mkuu wa barabara, na siku ya shauri aliketi kitini akawa jaji. Aliyekukamata ndiye aliyekushtaki, ndiye aliyekuhukumu, na chikoti ikapigwa mbele ya macho yake. Kwa mambo ya mila yalikuwako mabaraza ya wenyeji, yaliyotengenezwa kwa dekre ya mwaka 1926, lakini hata huko macho ya administrateri hayakuwa mbali. Avoka mweusi hakuwako. Hatusemi walikuwa wachache; twasema hakuwako! Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954 tu. Mkongomani wa kwanza asiye padre kupata digrii ya chuo kikuu, Bwana Thomas Kanza, aliipata Ubelgiji mwaka 1956, wala haikuwa ya sheria. Ilipofika tarehe 30 Juni 1960 nchi hii yote haikuwa na jaji wake hata mmoja. Ikabidi mwaka 1961 kufungua mbio mbio shule ya taifa ya sheria na utawala huko Léopoldville, na kwa muda ule viti vya mahakama vikakaliwa na Wahaiti na wageni wengine. Bwana Étienne Tshisekedi alipata doktora yake ya sheria Lovanium mwaka 1961. Bwana Marcel Lihau alimaliza kule Louvain mwaka 1963. Bendera ilikuwa imekwisha kupandishwa!

Je, ilikuwa bahati mbaya? La hasha. Wabelgiji walijua kufundisha walipotaka. Walifundisha makarani, walifundisha wauguzi, walifundisha mapadre miaka mingi mpaka wakasema Kilatini kama watoto wa Roma. Basi kichwa kilichoweza Kilatini kingeshindwaje sheria? Walijua jambo moja. Karani huandika anachoambiwa. Avoka huuliza, “Karatasi inayokupa haki hiyo iko wapi, Bwana?”

Waingereza hawakuwa wema zaidi. Katika nchi walizotawala waliwakataza mawakili kusema katika mabaraza ya wenyeji. Na Kenya ilipompata wakili wake wa kwanza Mwafrika, Bwana Argwings-Kodhek, serikali ikampa kazi kwa mshahara chini ya ule wa Mzungu mwenye elimu ile ile. Akaiacha kazi hiyo. Akafungua ofisi yake, akawatetea watu walioshtakiwa mambo ya Mau Mau wakati kamba ya kunyongea ilikuwa ikifanya kazi kila juma, na mwaka 1955 akasimamisha chama cha watu wa Nairobi kwa kuwa serikali ilikataza vyama vya nchi nzima. Huyo hakungoja kuitwa na tajiri. Twamtaja ili vijana wetu wenye digrii za Goma na Bukavu wasiseme kwamba jambo tunalowaomba halijapata kufanywa na mtu.

Sasa tuje nyumbani.

Chukueni udongo wa Masisi. Mwaka 1928 Wabelgiji waliunda Komite ya Taifa ya Kivu na kuipa nchi kubwa igawe kwa wazungu wa mashamba. Kuanzia mwaka 1937 wakaleta maelfu ya wakulima kutoka Rwanda wafanye kazi na wakae Gishari na kwingineko. Walioletwa hawakuulizwa ipasavyo, na waliokutwa hawakuulizwa kabisa. Kisha ikaja Zairianizasio ya mwaka 1973, mashamba makubwa ya wazungu yakaangukia mikononi mwa wakubwa wa siasa na rafiki zao. Na mwaka ule ule, tarehe 20 Julai, ikatoka sheria ya ardhi. Ndugu, isikilizeni vizuri sheria hii, kwa maana ndiyo inayokaa chini ya kila kesi ya shamba huku kwetu. Kifungu cha 387 kinasema kwamba ardhi wanazokaa wenyeji zimekuwa mali ya Leta. Kifungu cha 389 kinasema kwamba haki za wenyeji juu ya ardhi hizo zitapangwa kwa amri ya Rais wa Jamhuri. Miaka zaidi ya 40 ikapita bila amri hiyo kuandikwa. Mkulima aliyerithi shamba kwa babu yake akalala mwenye shamba, akaamka mgeni wa Leta, naye hakuambiwa na mtu.

Nani alijua? Walijua wenye ng'ombe wengi. Walikwenda kwa konservateri wa ardhi wakarudi na karatasi, na katika karatasi hiyo kilima chenye vijiji kiliandikwa kana kwamba ni pori tupu. Hapo ndipo avoka wa mji mdogo angesema neno. Sheria hiyo hiyo inataka uchunguzi ufanywe kwanza juu ya ardhi inayoombwa, ijulikane ni nani anayekaa humo na ana haki gani. Mtu mmoja tu mwenye kusoma, anayekaa Nyabiondo au Mweso, anayejua ni nani analima wapi, angeweza kupinga kabla karatasi haijakauka wino. Hakuwako. Alikuwa Goma, akingoja tajiri.

Hatusemi kwamba avoka angezuia vita vya mwaka 1993, vilivyoanza sokoni Ntoto katika Walikale mwezi wa Machi. Vita vina wazazi wengi. Lakini shauri la shamba lisilo na mahali pa kusikilizwa huenda likamtafuta mtu wa kulisikiliza, na huku kwetu mtu aliye tayari kulisikiliza, usiku na mchana, bila tarehe ya kikao, ni mwenye bunduki.

Kutoka udongo twende chini ya udongo. Wachimbaji, mmeambiwa kwamba Kodi ya Madini ni kitabu cha wakubwa. Basi sisi tutawasomea kipande kimoja. Sheria ya mwaka 2002 ilibadilishwa tarehe 9 Machi 2018. Kwa bati, shirika linatakiwa kulipa asilimia 3.5 ya thamani ya bidhaa. Fedha hiyo inagawanywa hivi: 50 kwa mia kwa Leta kuu, 25 kwa provensi, 15 kwa sheferi au sekta ambamo mgodi umo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hayo shirika linatakiwa kuweka kando si chini ya asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa ajili ya wenyeji wanaolizunguka.

Pigeni hesabu. Bati ya dola 1,000 ikitoka Bisie, mrabaha ni dola 35. Katika hizo, sekta inastahili dola 5 na senti 25. Mfuko wa wenyeji unastahili dola 3. Jumla dola 8 na senti 25 katika kila 1,000. Ni kidogo! Sisi wenyewe twasema ni kidogo. Lakini mwaka 2024 mgodi wa Alphamin kule Bisie ulitoa bati zaidi ya tani 17,000, na bati huuzwa kwa maelfu mengi ya dola kila tani moja. Hapo kidogo kinakuwa mabilioni ya franka: shule, dispensari, daraja. Twauliza: katika Walikale ni nani asiye mtu wa shirika na asiye mtu wa serikali anayekaa na kalamu, mwaka kwa mwaka, akilinganisha tani zilizotoka na fedha zilizoingia katika sanduku la sekta? Mkuu wa sekta hawezi kujikagua. Shirika lina maavoka wake Kinshasa na ng'ambo, nalo halifanyi kosa kuwa nao. Kosa ni letu sisi kukaa upande wa pili wa meza mikono mitupu.

Na Rubaya je? Mwezi wa Novemba 2013 shirika la SMB na kooperative ya wachimbaji iitwayo COOPERAMMA walitia sahihi mapatano: wachimbaji watachimba ndani ya konsesyo, na madini watayauza kwa shirika. Tangu hapo magomvi hayakukoma, huku wakidai malipo, huku wakidai kwamba madini yanapitishwa njia za panya. Hatutahukumu hapa nani alikosa. Si kazi ya gazeti. Twasema tu kwamba karatasi inayofunga mikono ya maelfu ya watu yapasa isomwe kwa Kiswahili mbele ya watu hao, neno kwa neno, na mtu anayelipwa nao wenyewe, kabla ya kidole gumba kutiwa wino.

Wako watakaocheka. Watasema: ninyi mwaleta vifungu vya sheria mahali penye bariere kila kona! Tarehe 30 Aprili 2024 M23 waliuteka Rubaya, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaandika kwamba walikuwa wakivuna huko si chini ya dola 800,000 kila mwezi kwa kodi za koltani. Januari 2025 wakaingia Masisi, tarehe 27 ya mwezi huo wakaingia Goma, na Machi wakafika mpaka Walikale, shirika la Bisie likafunga kazi kwa majuma kadhaa. Avoka atafanya nini mbele ya hayo?

Swali ni la haki, nasi tutalijibu bila kuzunguka. Kwanza, hizo dola 800,000 zilitoka mifukoni mwa nani? Zilitoka kwa mchimbaji na mchuuzi. Kabla ya hao, makundi mengine yalikuwa na salongo yao, siku ambayo mchimbaji huchimbia wenye bunduki bure, na yalikuwa na ile kodi yao yenye jina tamu, lala salama. Mtu analipa ili alale! Basi asije mtu akatuambia kwamba watu wetu hawana cha kumlipa mtetezi. Wamewalipa wasiowatetea miaka 30.

Pili, tazameni yaliyotokea mahakama za Goma ziliposimama. Kesi nyingi za Masisi na Walikale zilikuwa zimepelekwa huko: dosie huko, avoka huko, jaji huko. Mji mmoja ulipoanguka, watu wa teritware nzima wakapoteza haki yao siku moja. Sheria ya mwaka 2013 juu ya mahakama inataka kila teritware iwe na tribinali ya amani. Tribinali yenye jaji asiyepokea mshahara na isiyo na watetezi ni ubao uliopigiliwa mlangoni. Waliokusanya haki yote mahali pamoja ndio waliomrahisishia kazi mwenye kuiteka.

Tatu, mambo ya Luvungi. Toka tarehe 30 Julai mpaka 2 Agosti 2010, katika vijiji 13 vya njia ya Kibua na Mpofi, watu wenye silaha waliwatendea jeuri wanawake, wasichana, na hata wanaume na watoto wa kiume. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu 387. Mmoja wa waliotuhumiwa, Bwana Ntabo Ntaberi Sheka, hakuwa mtu wa kutoka mwezini. Alikuwa mtu wa biashara ya madini, mzaliwa wa Walikale. Mwaka 2011, hati ya kumkamata ikiwa imekwisha kutolewa, aliomba kura za Walikale awe mbunge! Alijisalimisha Julai 2017, kesi ikaanza Goma Novemba 2018, na tarehe 23 Novemba 2020 mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifungo cha maisha. Miaka 10! Wengine watasema, tazameni jinsi sheria ilivyo konokono. Sisi twasema, tazameni ni nini kilichomvuta konokono huyo. Ni wanawake waliokubali kusema, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya kumi, na mawakili waliokaa nao, walioandika tarehe na majina ya vijiji, waliozuia karatasi zisipotee. Kama kazi hiyo ya kuandika ingeanza siku ya tatu, kijijini, badala ya kungoja magari ya mashirika kutoka mjini, ni nani ajuaye ni watu wangapi zaidi wangesimama kizimbani pamoja naye?

Kazi ya avoka wa mji mdogo, basi, ndiyo hii. Si kupaza sauti barazani. Asubuhi anapita kwenye kasho la polisi na kuuliza ni nani amelala humo na tangu lini, kwa maana Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 18, inasema mtu asishikwe zaidi ya saa 48 bila kufikishwa mbele ya wenye mamlaka. Na ninyi mwajua saa 48 hizo zinavyogeuka kuwa siku nane, mpaka mbuzi apatikane. Mchana anasoma kartasi ya shamba ya mjane ambaye shemeji zake wanataka kumtoa. Jioni anakaa na viongozi wa kooperative, kwa sababu tangu mwaka 2018 mchimbaji asiye ndani ya kooperative hana haki ya kuchimba, na kooperative nyingi zina mwenyekiti mmoja na ndugu zake. Jumapili baada ya misa anaeleza kifungu kimoja, kimoja tu, kwa Kiswahili ambacho mama muuza mihogo atakipeleka sokoni Jumatatu. Akifanya hivyo miaka 5, mji haufanani tena. Polisi anaanza kuhesabu saa.

Tena si lazima awe avoka mkubwa wa Mahakama ya Rufani. Sheria ya tarehe 28 Septemba 1979 inawatambua watetezi wa mahakama, ambao wanaruhusiwa kusema mbele ya tribinali ya amani na ile ya juu yake. Mtoto wa Walikale anaweza kuifikia kazi hiyo. Ila wako wanaoifikia wakaisahau njia waliyopitia. Hao tunawajua. Wanaonekana Mubi mara moja kila miaka 5, wana gari la kukodi, wana fulana zenye picha yao, wanawaita wazee “baba” kwa sauti kubwa, na kura zikishahesabiwa vumbi lao ndilo linalobaki. Wengine ni wabaya zaidi: hukaa upande wa mchimbaji asubuhi na jioni wakaonekana mezani kwa mchuuzi aliyemdhulumu. Mtu wa namna hiyo hata kama ana digrii 3, ni kapita tu, kama wale wa zamani.

Hatudai mtu awe shahidi wa damu. Twakumbuka Bwana Pascal Kabungulu wa Héritiers de la Justice, aliyeuawa nyumbani kwake Bukavu tarehe 31 Julai 2005. Aliyemwua alijua thamani ya kazi yake kuliko wengi wetu tuliomsifu alipokufa. Ndiyo sababu mtetezi asiachwe peke yake. Mtetezi anayelipwa na mtu mmoja hununuliwa na wa pili. Mtetezi anayelipwa na watu 500, hao 500 watauliza yuko wapi asipoonekana siku mbili.

Na fedha yake? Mahali pengi lala salama ilikuwa franka 1,000 kwa mwezi kwa kila mtu mzima. Haya, kooperative yenye watu 500 itoe kiasi hicho hicho: ni franka 500,000 kwa mwezi. Haitamnunulia gari. Itamlipia chumba, karatasi, na pikipiki ya kwenda kuona mfungwa. Walimu wa shule zetu wamelea watoto kwa kilicho pungufu ya hapo, na hakuna aliyesema ualimu hauwezekani Walikale.

Kwa hiyo twadai mambo haya, tena hatutanyamaza. Kila kooperative ya Masisi na Walikale iandike katika sheria zake kwamba ina mtetezi wake, aliyechaguliwa na mkutano wa wachimbaji wote na si mwenyekiti. Chama cha mawakili cha Kivu ya Kaskazini kiwatake mawakili wake vijana wakae miezi kadhaa katika teritware kabla ya kupewa nafasi kamili mjini. Daktari hupelekwa pori, kwa nini avoka asipelekwe? Na sekta za Wanianga na Bakano, pamoja na sheferi na sekta za Masisi, zibandike ukutani kila miezi 3, kwa Kiswahili, fedha zilizopokelewa kutoka mrabaha wa madini na fedha zilivyotumika. Mahali ambapo karatasi hiyo haijabandikwa, wachimbaji waende pamoja, mchana, na mtetezi wao mbele, waulize iko wapi.